Lozi hazina kolesteroli

Ukionekana na pakiti ya lozi pale Mwanjelwa, hutakosa mtu wa kukuonya: "Hizo zina kolesteroli, zitakuziba mishipa." Parachichi la Rungwe nalo husingiziwa hivyohivyo. Maneno hayo ni ya siku nyingi, ila si kweli.

Kolesteroli hutengenezwa mwilini mwa wanyama, hasa kwenye ini. Ndiyo maana tunaikuta kwenye nyama, mayai na maziwa. Mlozi hauna ini. Mafuta lozi inayo, tena mengi, karibu nusu ya uzito wake, na hapo ndipo watu huchanganya mambo. Sehemu kubwa ni mafuta yasiyoganda, ambayo yakichukua nafasi ya samli au mafuta ya ng'ombe husaidia kushusha kolesteroli mbaya kwenye damu.

Konzi moja, gramu 28 au punje kama 23, ina kalori zipatazo 160. Ukimaliza nusu kilo ukitazama mpira, utanenepa tu. Za chumvi, mwenye presha aziache.

Bei yake inauma, maana nyingi hutoka California. Karanga zetu hufanya kazi karibu ileile, mradi zisiwe na ukungu.