Woki-oni ni nani kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani, na kwa nini timu zinawategemea

Tuelewane kwanza, hapa naongelea futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, sio soka. Kule Marekani timu za vyuo vikuu ni kitu kikubwa mno, uwanja wa Chuo cha Michigan peke yake unaingiza watu zaidi ya laki moja siku ya mechi. Kijana mwenye kipaji anaanza kufuatwa na makocha akiwa bado sekondari, wanaenda mpaka nyumbani kwao kuongea na wazazi, na mwisho wa siku anapewa skolashipu, yaani chuo kinamlipia ada, malazi, chakula na vitabu.

Woki-oni ni yule ambaye hakufuatwa. Kajileta mwenyewe. Ada analipa yeye au wazazi wake au anachukua mkopo, halafu anaomba kufanya mazoezi na timu, akionekana anafaa anabaki, na akishabaki kazi ni ile ile ya wenzake, alfajiri jimu, kisha darasani, mchana uwanjani, jioni kukaa kuangalia video za mechi, tofauti ni kwamba muhula ukianza bili ya ada inakuja kwa jina lake. Mpaka mwaka 2014 hata ile milo ya timu sheria ilikuwa haimruhusu kula bure kama wenye skolashipu, ndio mwaka ule NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakabadilisha na yeye akaruhusiwa kula na wenzake.

Wapo wanaoalikwa, kocha anamwambia kijana njoo, nafasi kwenye kikosi unayo ila skolashipu hatuna. Na wapo wanaoona tangazo la majaribio pale pale chuoni wanabeba viatu wanaenda kujaribu.

Sasa kwa nini timu iwahitaji wakati ina wachezaji inaowalipia? Kwa miaka mingi sheria ilisema timu za daraja la juu mwisho skolashipu 85. Ukisikia 85 unaona ni wengi, ila piga hesabu, 11 wa kushambulia, 11 wa kuzuia, wote hao wana wa akiba, wapo wapiga mateke, wapo majeruhi, na wapo wageni wa mwaka wa kwanza ambao miili haijawa tayari. Ukishawatoa wote hao nani anabaki wa kufanya mazoezi dhidi ya kikosi cha kwanza? Hapo ndipo woki-oni anapoingia, na kwa maoni yangu thamani yake kubwa iko hapa kuliko kwenye zile stori za waliokuja kuwa mastaa.

Ipo timu ndani ya timu inaitwa skauti timu. Tuseme Jumamosi mnacheza na chuo fulani, basi wiki nzima hawa jamaa kazi yao ni kuwa wapinzani wenu. Kocha msaidizi anasimama mbele yao ameshika kadi imechorwa mchezo wa wapinzani, duara na mishale, wanaitazama sekunde chache, wanajipanga, wanaucheza kama wale wangeucheza, na kikosi cha kwanza kinawavamia kwa nguvu zote. Wanainuka, kadi nyingine. Wanacheza mfumo ambao sio wao na wanagongwa na watu wenye kilo 130, halafu Jumamosi wengi wao wanabaki pembeni tu na jezi safi. Lakini wakilegea mazoezini, kikosi cha kwanza kinaingia kwenye mechi hakijawahi kuona kitu halisi, na hilo makocha wote wanalijua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa timu ya Chuo cha Georgia, Desemba 2017. Walikuwa wanajiandaa kwa mechi ya Rose Bowl dhidi ya Oklahoma, na Oklahoma walikuwa na kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anaitwa Baker Mayfield, mtu wa kukimbia huku na huku na kurusha mpira akiwa bado mbioni, yaani kumkamata shughuli. Georgia wakamchukua woki-oni wao mmoja, mdogo wa umbo, Stetson Bennett, akawa ndiye Mayfield wa mazoezini, akawakimbiza walinzi wake mwenyewe siku hizo zote. Tarehe 1 Januari 2018 Georgia wakashinda 54 kwa 48 baada ya kuongezwa muda mara mbili. Na huyo Mayfield mwenyewe alikuwa woki-oni, alijileta Texas Tech, baadaye akajileta tena Oklahoma, na wiki chache kabla ya mechi hiyo alikuwa amechukua tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Bennett naye aliondoka akaenda chuo kidogo Mississippi, akarudi Georgia safari hii na skolashipu, na akawa kwotabeki wa timu iliyochukua ubingwa wa taifa misimu miwili mfululizo, 2021 na 2022.

J.J. Watt naye aliacha skolashipu Central Michigan akaenda kuanza upya Wisconsin bila kulipiwa, akawa anapeleka pizza majumbani apate hela, na baadaye akaja kuwa mlinzi bora wa NFL, ligi kuu ya kulipwa, mara tatu. Mnachojifunza ni kwamba wale wanaowapima vijana wa miaka 17 wanakosea sana, na mlango wa woki-oni ndio unaorekebisha makosa yao.

Chuo cha Nebraska walilielewa hili mapema. Jimbo lina watu kama milioni mbili tu na wachezaji wa kiwango cha juu wanaozaliwa pale ni wachache, kwa hiyo kocha Tom Osborne akawafungulia vijana wa vijiji vya wakulima waje wajaribu, wengi walikaa miaka wanajengwa miili kabla ya kucheza, na timu ikabeba ubingwa 1994, 1995 na 1997.

Sasa hivi mambo yamebadilika. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyofunguliwa na wachezaji, vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na ule ukomo wa skolashipu 85 ukaondoka kwa vyuo vilivyojiunga, ila badala yake ukaja ukomo wa kikosi chenyewe, watu 105 tu. Zamani timu nyingi zilibeba hata 120 na zaidi. Waliopunguzwa wakati ule jaji alisisitiza wapewe njia ya kurudi bila kuhesabiwa kwenye hao 105, lakini kijana anayekuja kesho hana kinga hiyo. Mimi hili linaniuma, kwa sababu hao waliokatwa ndio walikuwa wanabeba mazoezi.

Kwa hiyo kama ni mzazi uko kule na kijana wako kaambiwa na kocha aje kama woki-oni, muulize kocha wazi wazi, je, mwanangu yumo ndani ya 105 au anasubiri mtu atoke? Nani analipa ada, na mwaka jana ni woki-oni wangapi wa timu hii walipewa skolashipu? Mwombe majibu hayo kwa maandishi kabla hujasaini mkopo wowote.