Gari likiitwa na kiwanda: soma namba, usisubiri barua

Mtengenezaji anapotangaza kwamba gari au kifaa fulani kirejeshwe kwa sababu za usalama, yaani anapotoa wito, jibu tunalolisikia zaidi ni hili: "Langu halijawahi kunisumbua." Huenda ni kweli, lakini halithibitishi chochote.

Chukua mifuko ya hewa ya kukinga watu garini wakati wa ajali (airbag) iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Nyuma ya mfuko kuna kikopo cha chuma chenye amonia naitreti, kemikali inayoujaza mfuko gesi kufumba na kufumbua. Miaka ya joto na unyevunyevu huiharibu kemikali hiyo. Siku gari likigonga, hulipuka kupita kiasi, kikopo kikapasuka na vipande vya chuma vikamrukia dereva usoni na shingoni. Marekani peke yake, vikopo vipatavyo milioni 67 viliingizwa kwenye wito wa kurejeshwa, na mwaka 2017 Takata ikaomba ulinzi wa kufilisika. Dereva angejuaje? Gari linawaka na kwenda kama kawaida, na taa ya onyo haiwaki.

Ndiyo maana wito hufuata namba, haufuati hali ya gari. Namba ya kimataifa ya utambulisho wa gari (VIN) ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazimo, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Itafute pembeni ya kioo cha mbele, kwenye fremu ya mlango wa dereva au kwenye kadi ya gari, kisha iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani yana namba ya chasisi iliyo fupi zaidi, na tovuti za nchi nyingine huikataa. Kukataliwa huko kusikufanye udhani gari ni salama. Tafuta ukurasa wa mtengenezaji wa Japani kwenyewe, au mpelekee wakala wake namba hiyo.

Aliyenunua gari lililokwisha kutumika ndiye anayesahaulika zaidi. Barua hutumwa kwa mmiliki aliye kwenye kumbukumbu, na gari likishauzwa mara tatu barua huishia kwa mtu asiyelikumbuka tena. Kagua namba kabla ya kulipa, na uikague tena mara kwa mara, kwani wito mpya unaweza kutoka miaka mingi baadaye. Kwa kawaida matengenezo ya wito hufanywa bure kwa wakala aliyeidhinishwa. Anayekutumia ujumbe akidai ada ya "kusajili wito" mtilie shaka.

Kwa bidhaa nyingine, angalia modeli na namba ya bechi (kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja), kisha usome tangazo linataka nini hasa: uache kutumia, urekebishiwe, ubadilishiwe au urudishiwe pesa. Mwaka 2016 Samsung iliwabadilishia wateja simu za Galaxy Note7 kwa sababu ya betri kushika moto. Baadhi ya simu za kubadilishia nazo zikaungua, na kampuni ikaacha kabisa kuzitengeneza. Kwa hiyo ukishapewa mbadala, endelea kufuatilia matangazo. Bidhaa iliyoitwa usimuuzie mtu wala kumgawia jirani, na yenye betri ya lithiamu usiitupe kwenye takataka za kawaida wala kuituma kwa posta kabla mtengenezaji hajakueleza jinsi ya kuifungasha.