Safari Rally ya zamani imerudi, lakini masika hayakurudi nayo

Vijana wanaopita gereji kwangu Ilala wanaijua Safari Rally ya Naivasha, ile iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Wengi wanaamini ni mali ya Wakenya tangu mwanzo. Sivyo. Ilipoanzishwa mwaka 1953, kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nchi yetu ilibaki ndani ya ramani ile kwa takriban miaka ishirini.

Mimi kazi yangu ni kufufua magari ya zamani, kwa hiyo kinachonivuta si mbio zenyewe. Safari haikubuniwa kumtafuta dereva mwenye kasi kuliko wote. Ilibuniwa kujua gari gani litafika. Mwaka ule wa kwanza magari yalipangwa madaraja kwa bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, na mwananchi mwenye akiba yake aliweza kujionea lipi la kununua.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Unapewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila dakika unayochelewa unaandikiwa pointi ya adhabu. Mwenye pointi chache ndiye bingwa. Barabara haifungwi. Ni ileile ya mabasi, ng'ombe na baiskeli za mkaa. Ndiyo maana magari yale yalibeba honi kubwa, vyuma vya kukinga wanyama mbele na taa nyingi kupita kiasi.

Halafu tarehe. Baada ya muda mashindano yakazoeleka kuwa ya Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Anayeujua udongo mweusi wa mbugani, au kona za Usambara na Mbulu zikinyeshewa, haelezwi zaidi. Nyuma ya magari mengi kulikuwa na mahali pa kukanyaga na vishikio juu ya buti: gari likianza kuzama, msaidizi wa dereva anaruka nje, anapanda kule nyuma na kurukaruka ili matairi yapate kung'ata. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyofika yakawa saba vilevile.

Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki, akiwa na Peugeot 404. Katikati yake, 1966 na 1967, 404 ilishinda tena mikononi mwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiongozwa njia na Chris Rothwell. Ushindi wa mara nne kwa gari ambalo baba wa familia angeweza kulinunua. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo gari la Safari kuliko yote, na wenzangu wa Datsun watanisamehe, ingawa Shekhar Mehta, aliyeishinda Safari mara tano na magari ya Datsun, aliwapa sababu nyingi za kubisha.

Kilichotutoa Watanzania kwenye njia ni siasa zaidi ya magari. Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yameshabaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa.

Ufufuo ulikuja mwaka 2003, miaka hamsini baada ya ile ya kwanza: East African Safari Classic Rally, ya magari ya zamani yanayoendeshwa na magurudumu mawili tu. Rob Collinge wa Kenya ndiye aliyeshinda mara ya kwanza. Hufanyika takriban kila baada ya miaka miwili, mara nyingi Novemba au Desemba, na imewahi kuvuka mpaka hadi Arusha.

Kisa ninachokipenda humo ni cha Björn Waldegård wa Sweden. Mwaka 1974 alikuwa wa pili kwenye Safari na Porsche 911. Akarudi na 911 mwaka 1978, akawa wa nne. Safari yenyewe aliishinda mara nne, 1977, 1984, 1986 na 1990, kwanza na Ford kisha na Toyota, lakini Porsche haikuwahi kuishinda hata mara moja. Basi mwaka 2011, akiwa mzee wa miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia, akashinda Classic ndani ya 911.

Lakini tuseme ukweli wa gereji. Hiyo 911 si gari la dukani. Bodi inavuliwa hadi chuma kitupu, inachomelewa upya kila maungio, inawekewa fremu ya mabomba ndani na bamba nene chini ya injini. Shokapu ni za kisasa, ndefu na zenye kustahimili joto, kwa sababu kwenye vumbi la mawe mafuta ya shokapu huchemka na kazi yote ikaangukia springi. Vipande vya ushindani sasa hufungwa barabara, na muda hupimwa kwa sekunde. Kimerudi chuma na sauti ya injini. Tope la Pasaka na gari la mshahara wa kawaida havijarudi.

Hata hivyo sitaidharau. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, lisilo na kompyuta, bado linamdai dereva alielewe, na linamdai fundi aweze kulitengeneza porini usiku kwa spana na mashine ya kuchomelea.

Kama kuna mtu Dar mwenye Peugeot 504 imelala uani na anaota Arusha, asianze na injini. Ainamishe kichwa kwanza atazame pale shokapu za mbele zinaposhikana na bodi, na sakafu chini ya mazulia. Hewa ya chumvi ya hapa pwani huanza kula chuma humo, na bodi iliyooza mahali hapo haifiki hata Chalinze kwa mwendo wa mashindano. Injini ya 504 inapatikana. Bodi nzima ndiyo adimu.