"Samba" si Ulimi Mzito

Hapa Kisumu, mtoto wa chekechea akisema "samba" badala ya "shamba", utasikia ana ulimi mzito. Wengine hutaka hata akatwe chini ya ulimi. Ni kosa, na linaniuma. Dholuo, lugha ya Waluo inayosemwa nyumbani kwa watoto wengi hapa, haina sauti ya "sh" wala "z". Mtoto huyo mara nyingi anatamka vilevile mama na nyanya yake wanavyotamka.

Ndiyo maana haifai kumpima kwa orodha ya maneno ya Kiingereza pekee. Mtaalamu wa matamshi humwonyesha picha azitaje kwa kila lugha inayosemwa nyumbani, kisha hulinganisha na wazazi wake wanavyosema. Umri nao huangaliwa: "r" huchelewa, kwa hiyo "lafiki" kwa mtoto wa miaka 3 si jambo la kutisha.

Mimi hushtuka kwingine. Mtoto wa miaka 4 ambaye mgeni hamwelewi kabisa, au anayeangusha sauti za mwanzo, "uku" kwa kuku, "iti" kwa kiti, apelekwe kliniki bila kungoja. Masikio yapimwe kwanza, hasa kama yamewahi kutoka usaha.