Je, wajua Liemba ilifika Kigoma kwa treni?

Ukiiona Liemba, meli ya chuma ya mita 70 hivi inayoelea Ziwa Tanganyika, lazima ujiulize jamani hii dude ilipitia wapi? Maana kutoka baharini hakuna njia ya kuingilia pale. Mto unaotoka ziwani ni Lukuga peke yake, unaenda kuangukia Kongo, na huko maporomoko yamejaa, meli haipandi.

Ilikuja kwa treni bwana, ikiwa vipande vipande.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati pale Dar mwaka 1905, mwaka uleule vita ya Maji Maji imewaka kusini, mwisho wa 1907 wakawa Morogoro, 1912 Tabora, na Februari 1914 reli ikagusa Kigoma, jumla kama kilomita 1,250 hivi. Ni ileile ya upana wa mita moja kamili ambayo siku hizi watu wanaiita reli ya zamani tangu SGR, ile reli mpya, ianze kubeba abiria.

Sasa kwa nini wasiishie Tabora, wakati Tabora ndo kulikuwa na watu na biashara tangu enzi za misafara ya pembe? Ni kwa sababu walikuwa wanapigia hesabu mzigo wa ng'ambo, Kongo ya Wabelgiji, na pia Urundi (Burundi ya leo) kule kaskazini mwa ziwa. Lakini treni ikishafika kwenye maji ndo mwisho wake, na shaba ya Kongo haiogelei, kwa hiyo bila meli kile kipande chote cha Tabora mpaka Kigoma kingekuwa hasara tupu. Watu wengi wanaisimulia Liemba kama stori ya vita, mi naona kabla ya vita ilikuwa behewa la mwisho la Reli ya Kati, ila hili linaelea.

Basi mwaka 1913 kiwanda cha meli cha Meyer, mji wa Papenburg kule Ujerumani, wakaiunda meli nzima kwa kuifunga na bolti tu, wakahakikisha kila kitu kinakaa sawa, halafu wakaifungua yote na kuipaki kwenye makasha kama 5,000, yakapanda meli mpaka Dar, kutoka hapo yakapanda treni. Kila kipande ilibidi kitoshe kwenye behewa la reli nyembamba, yaani reli ndo iliyoamua hii meli ikatwe vipi! Kiwanda kikatuma mafundi wake watatu, na pale Kigoma vibarua Waafrika na mafundi Wahindi wakaanza kugonga ribiti (vile vipini vya chuma vya kuunganishia mabati) moja moja. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikawakuta hapohapo Agosti 1914, ikashushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyekuwepo reli inaanza.

Na usidhani Waingereza, waliokuwa wanapigana na Wajerumani, walikuwa na ujanja mwingine wa kufikisha meli ziwani. Boti zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilipanda treni Cape Town mpaka Fungurume kule Katanga, zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikapanda treni tena, zikashuka mtoni, treni tena mpaka Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa, na Desemba 1915 zikaanza kuwasumbua Wajerumani ziwani.

Julai 1916 Wabelgiji, wenzao Waingereza vitani, walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, ila kwanza mafundi wakaipaka injini grisi ya kutosha, nadhani ile kazi iliwauma. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakakuta injini bado nzima, wakaipa jina la Liemba na mwaka 1927 ikaanza kazi, na injini zilezile za mvuke zilizokuja kwa treni zikaendelea kuisukuma mpaka miaka ya 1970 ndo ikawekewa za dizeli.