Kuvuka Ziwa Tanganyika kwa mashua ya tanga: saa kwanza, umbali baadaye

Vijana wanaokuja kwangu Ujiji kujifunza kuendesha mashua huniuliza kwanza umbali wa safari. Mimi huwarudisha kwenye saa ya kuondoka, kwa kuwa katika ziwa hili, ambalo upana wake wa wastani ni kilomita 50 hivi, safari ile ile inaweza kuwa nyepesi alfajiri na ya hatari saa nane mchana.

Usiku milima hupoa upesi, ilhali maji ya juu hubaki na joto lake. Ndipo hewa baridi huteremka kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Huo ndio umande, nao huisukuma mashua polepole bila kuinua mawimbi makubwa. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto na upepo hugeuka. Kati ya Mei na Septemba kuna kusi pia, yaani upepo wa kutoka kusini-mashariki, ambao hupita juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kupata nafasi ndefu ya kulijenga wimbi. Wimbi la huku ni fupi na limesimama wima: omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, haijainuka vizuri kutoka katika la kwanza, la pili limekwisha kufika. Agosti moja niliondoka saa tatu asubuhi badala ya saa kumi alfajiri, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshusha foromali, ule mti unaobeba tanga, wenzangu wawili wakifua maji yaliyoingia chomboni bila kupumzika. Kosa lilikuwa langu, wala sijalirudia.

Wenyeji walizijua hatari hizi zamani. Machi 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipotoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi la kuazima, wapiga makasia hawakukata moja kwa moja. Waliambaa pwani kuelekea kusini hadi rasi ya Kabogo, ndipo wakavuka kwenda magharibi. Wanaohesabu njia hiyo kuwa ni mzunguko wa bure hawajawahi kukaa katikati ya ziwa kwa chombo kidogo, kwa maana anayeambaa pwani huwa na mahali pa kukimbilia.

Katika visiwa vya Kipili, upande wa Rukwa, ninapovuka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine wakati wa kusi, hutafuta maegesho kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ambako mwamba hukinga kusi na pia umande unaotoka bara usiku. Nanga peke yake siiamini, kwani mahali pengi sakafu ya ziwa hushuka ghafla, na hatua chache kutoka ufukweni kamba yote huisha bila nanga kugusa chini. Kwa hiyo huitupa nanga upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, kisha namtuma kijana aogelee na kamba ya omo kuifunga kwenye mti au jiwe kubwa, nasi hulala tukiwa tumekwisha kulikunja tanga tayari kwa alfajiri.