Kongano za Viwanda: Mkoa Uanzie Wapi?

Anayetafuta kabati jijini Dar es Salaam hapati shida ya kuelekezwa, kwa kuwa wengi watamtuma Keko. Huko, katika mitaa michache ya Wilaya ya Temeke, yupo muuza mbao, yupo mwenye mashine ya kupasua na kuranda, yupo fundi wa kukereza miguu ya meza, wapo mafundi sofa, wauza sponji na vitambaa, wapaka vanishi, na wenye Kirikuu wanaosubiri mzigo ukamilike. Kila mmoja anajitegemea, na wengi wao wanagombea wateja walewale, lakini kazi ya mmoja ingekwama siku hiyohiyo kama jirani yake asingefungua. Mkusanyiko wa namna hii, ambamo watengenezaji, wauza malighafi, watoa huduma na vyuo vya ufundi wa shughuli moja hukaa karibu na kutegemeana, ndio unaoitwa kongano.

Mchumi Mwingereza Alfred Marshall alikwishaeleza mwaka 1890 kwa nini viwanda vya aina moja huvutana: wenye ujuzi huenda penye waajiri wengi, wauza vifaa huwafuata wateja, na maarifa husambaa kwa watu kuonana tu, hata mtoto wa mtaani akajua kazi kabla ya kufundishwa. Karne moja baadaye, mwaka 1990, Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard alilipa wazo hilo umaarufu mpya miongoni mwa wapanga mipango wa serikali. Mifano ipo hata katika nchi zisizo tajiri. Mji wa Sialkot nchini Pakistan unauzia dunia vifaa vya upasuaji na mipira ya miguu, na huko Nnewi nchini Nigeria wafanyabiashara wa vipuri vya magari waliingia hatua kwa hatua katika kuvitengeneza wenyewe. Katika miji yote miwili biashara na ufundi vilitangulia; mipango ya serikali ilivikuta.

Tanzania ina kumbukumbu ya njia ya kinyume. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa nje ya Dar es Salaam kuwa vitovu vya ukuaji, Morogoro ukiwa mmojawapo. Baadaye kilijengwa mjini humo, kwa fedha za Benki ya Dunia, kiwanda kikubwa cha viatu kilichokusudiwa kuuza sehemu kubwa ya bidhaa zake Ulaya. Kiwanda hicho hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Lawama nyingi huelekezwa kwa mashine na uongozi, nami sizipingi, lakini naona kasoro kubwa zaidi ilikuwa upweke: hakikuwa na mtandao wa karibu wa watengeneza vipuri, wasindika ngozi na mafundi waliokwisha kuzoea soko hilo.

Mkoa unaotaka kuchagua kongano la kuliendeleza unaweza kuanza na hesabu nyepesi. Tuchukue mfano wa kubuni: mkoa una wafanyakazi 100,000, na 6,000 kati yao wako katika useremala, yaani asilimia 6, nchi nzima ina wafanyakazi 2,000,000, na maseremala ni 40,000, yaani asilimia 2. Ukigawanya 6 kwa 2 unapata 3, maana yake useremala umejikusanya katika mkoa huo mara tatu ya kiwango cha taifa. Jibu likizidi 1 kwa mbali, huenda mkoa unauza bidhaa hiyo nje ya mipaka yake na kuingiza fedha mpya. Saluni, kwa kulinganisha, zipo kila mtaa na kwa kawaida huzungusha fedha zilizomo tayari.

Hesabu hii, hata hivyo, ina udhaifu ambao katika jiji letu ni mkubwa. Fundi asiye na leseni wala mkataba wa ajira haonekani katika takwimu za kampuni zilizosajiliwa, kwa hiyo anayepanga akiwa mezani tu anaweza kuiruka Keko nzima. Lazima atembee, ahesabu karakana, na aulize mbao zinatoka wapi na samani zinakwenda wapi.

Akitembea ndipo atakapokikuta kikwazo chenyewe. Mbao za paini kutoka misitu ya Mufindi zikifanyiwa kazi kabla ya kukauka vya kutosha, kabati litapendeza dukani, kisha litapinda au kupasuka likishawekwa katika ofisi yenye kiyoyozi. Tanuri la kukaushia mbao ni mzigo mzito kwa fundi mmoja, ilhali mafundi 40 wanaweza kulitumia kwa zamu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inamsaidia mwanakikundi kununua randa yake. Haikubuniwa kutatua tatizo la mtaa mzima, na tusiilaumu kwa hilo. Kinachohitajika pembeni yake ni uwekezaji wa pamoja, mafunzo ya ukaushaji kutoka chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe kilicho jirani, na zabuni za madawati zinazotaja kiwango cha unyevu wa mbao.

Kuhamisha mafundi ni suala jingine linalohitaji tahadhari. Ukiwapeleka maseremala pembezoni mwa jiji na kuwaacha wauza mbao walipo, umelivunja kongano hata kama majengo mapya ni mazuri kuliko mabanda ya zamani.

Kabla tanuri halijawashwa, halmashauri iandike bei ya kabati la kawaida, idadi ya wanagenzi na idadi ya wateja wanaotoka nje ya mkoa, kisha ivipime tena vyote vitatu baada ya miaka mitatu, ikiwa tayari kuwakabidhi mafundi wenyewe uendeshaji wa tanuri hilo iwapo wanaweza kulipia umeme na matengenezo kwa ada ya kila mita ya ujazo ya mbao.